Kinywa cha Kaka Mbonea

Kaka yangu Mbonea alikufa Jumanne saa mbili asubuhi. Ijumaa saa tatu akaongea.

Na wala hakuongea kwa simu moja, useme labda mtu kafungua sauti ya zamani kwa bahati mbaya. Aliongea kwa simu zote. Msiba mzima pale nyumbani kwetu Magamba: wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, kina mama nyuma na masufuria ya wali, vijana walioko shimoni wanachimba kaburi, kila mfuko ukatetemeka kwa wakati mmoja. Ukalia ule mlio wa habari kubwa wa Kengele Tatu, gazeti la simuni, halafu sauti.

"Mimi ni Mbonea Shekiondo, mhudumu wa behewa namba sita. Nataka niwaombe radhi Watanzania."

Jamani, ilikuwa yeye. Ile namna yake ya kuvuta pumzi kidogo kabla ya kutaja jina lake, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Na ule mkwaruzo wa koo, maana kaka alikuwa na mafua ya kudumu tangu aanze kazi kule juu kwenye gari la kamba, lile linalopanda mlima kutoka Mombo.

"Nilikuwa naangalia video kwenye simu. Nikacheka. Nilipoinua macho, behewa lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma. Breki ya mkono ilikuwa hapa mbele yangu na sikuivuta. Watu kumi na mmoja wamekufa kwa sababu yangu. Nisameheni."

Mama alikuwa kwenye mkeka na wenzake. Akasimama. Hakuangalia simu ya mtu yeyote, aliangalia mlangoni. Aliangalia mlangoni kama mtu aliyesikia mwanawe amerudi.

Hiyo ndo siwezi kuwasamehe. Nimejaribu kuandika hili jambo kwa utulivu mara nne, kila nikifika hapo kwenye mlango nashindwa.

Vijana wakatoka shimoni. Walikuwa wameshafika kiunoni. Shafii, jirani yetu, ndo aliyekuwa anawaongoza, akaegemeza jembe kwenye rundo la udongo na kumfuata baba mdogo.

"Baba mdogo Gilead, samahani sana. Shemeji yangu alikuwa humo kwenye behewa. Nimekuja kuchimba kwa sababu niliambiwa ni ajali."

"Ni ajali, Shafii!"

"Si umemsikia mwenyewe anasema?"

Wakaondoka wote saba. Shimo likabaki nusu. Baba mdogo akageuka pole pole akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Loyce. Hiyo Kengele Tatu si ndo kazini kwenu?"

Ndiyo. Na si kazini kwetu tu. Lile jambo nilikuwa nimelifanya mimi.

*

Ngoja niseme nilivyolifanya, maana sitaki mtu aje kunisemea.

Jumanne jioni ukoo ulikaa, wakanichagua mimi niwe msemaji wa familia. Kawaida anachaguliwa mzee, lakini baba mdogo alisema, "Huyu ni mtu wa magazeti, atatuandikia wasifu mzuri wa marehemu, usomwe makaburini watu walie." Nikakubali. Nikafungua grupu la msiba, nikawaambia ndugu wote watume sauti za Mbonea walizomrekodi kwenye simu zao ili nimwandike vizuri. Zikaja mia tatu na kitu. Mbonea anamwimbia shangazi siku ya kuzaliwa. Mbonea anabishana na mtu wa mkaa. Mbonea ananiita mimi Kibonge, jina ambalo hakuna mwingine duniani aliyeruhusiwa kuniita.

Ofisini kwetu mfanyakazi akifiwa anapewa ukurasa wa tanzia bure. Nikapakia sauti zote humo. Likaja swali: *Je, wewe ni msemaji wa familia, na unaruhusu sauti hizi zitumike?*

Mi nikafikiri, si nimechaguliwa leo hii mbele ya watu arobaini? Nikabonyeza Ndiyo.

Kumbe nimemfungulia kinywa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunasema kazini, kumfungulia mtu kinywa. Mtu akifa kwenye tukio kubwa, mashine inachukua sauti zake na kumjenga upya, halafu anakuja kusimulia habari mwenyewe. Ukitaka unamuuliza maswali matatu, anakujibu. Watu walikuwa wamechoka na waandishi. Walikuwa wamechoka na "inadaiwa" na "vyanzo vyetu vinaeleza". Wakapewa marehemu mwenyewe, nani atabishana na marehemu? Kwa mikono yangu hii nilishawafungulia vinywa watu arobaini na wawili. Hata siku moja sikupiga simu kwenye familia ya hata mmoja wao. Fomu ilikuwa na Ndiyo, mi nilitaka nini tena?

Nikatoka nyuma ya banda la ng'ombe, nikampigia mhariri mkuu.

"Loyce," Gaudence akapokea mlio wa kwanza. "Kwanza kabisa, pole sana na msiba."

"Toa."

"Najua ni kipindi kigumu..."

"Gaudence, toa hicho kitu sasa hivi! Kaka yangu hana hata simu ya video, ana kile kisimu cha tochi! Kampuni inawakataza kupanda na simu nyingine. Hiyo video ya kumchekesha aliiangalia wapi, kwenye ukuta?"

"Mi sijui aliiangalia wapi. Sisi hatujasema kitu, Loyce. Amesema yeye."

"Yeye yuko kwenye jeneza sebuleni kwetu!"

"Kikanuni yeye ni shahidi. Unaijua Kanuni ya Kumi na Nne, umeifundisha kwa wageni hapa ofisini. Anayeweza kuomba ushuhuda usahihishwe ni shahidi mwenyewe. Sasa unataka nikuvunjie kanuni kwa sababu wewe ni mfanyakazi?"

Kweli niliifundisha. Nilikuwa nasimama mbele na kusema inazuia wanasiasa kutusumbua.

"Usiseme sikusaidii," akasema. "Ngoja nimuunganishe."

Nikasikia mlio. Halafu ile pumzi.

"Shahidi," Gaudence akasema kwa sauti ya ofisini, "kuna ombi la kusahihisha ushuhuda wako. Una cha kurekebisha?"

"Hapana, bosi," kaka yangu akasema. "Nimesema nilichosema. Mwambieni Kibonge asihangaike."

Nilikata simu. Nikapiga teke ndoo ya maziwa, ikaruka ikagonga ukuta, ng'ombe akaruka naye. Kibonge! Wamechukua jina langu kutoka kwenye sauti nilizopakia mimi, wakanirudishia mdomoni mwake ili ninyamaze!

Na nilijua yale maneno yametoka wapi. Sauti ni nusu tu ya kinywa. Nusu ya pili ni taarifa ya kwanza kuingia, maana mashine inatakiwa iwe hewani kabla ya magazeti mengine, haisubiri ya pili. Kampuni ya gari la kamba ina njia yake ya kutuma taarifa, inaingia moja kwa moja chumba chetu cha habari. Behewa lilianguka saa mbili na dakika tano. Saa mbili na dakika tisa taarifa yao ilishafika, mstari mmoja: *chanzo ni uzembe wa mhudumu.* Dakika nne, wakati hata hao waokoaji walikuwa hawajaanza kuteremka bondeni.

Hayo mengine, video, kucheka, kuomba radhi, mashine imejaza. Inajaza mapengo. Tuliiagiza ijaze, kwa sababu simulizi isiyo na kitu cha kuona akilini wasikilizaji wanaiacha sekunde ya nane. Kikao cha kupitisha hilo nilikuwepo. Nilinyoosha mkono.

*

Saa nne hivi akaja fundi Hoza. Alipitia nyuma kwenye migomba, kofia imeshushwa, ovaroli ya kampuni ameigeuza ndani nje ili nembo isionekane. Mi namjua Hoza tangu mdogo, alisoma na kaka darasa moja. Yeye ndo mkaguzi wa mabehewa.

"Sikai," akasema. "Nimekuja kumuaga mtu wangu niondoke."

"Umesikia?"

"Nimesikia." Akatema mate pembeni. "Nimesikiliza mpaka mwisho, nikataka kuivunja simu, nikakumbuka ina kitu."

Akanionyesha. Alikuwa na taarifa tatu za ukaguzi, za wiki tatu zinazofuatana, kila moja imeandikwa na yeye: *Behewa namba sita, pedi za breki ya mkono zimekwisha, limebaki chuma kwa chuma. Lisitembee.* Chini ya kila moja kuna jibu la ofisi. *Imepokelewa. Litembee hadi matunda yaishe.*

Maana ulikuwa msimu wa matunda. Masanduku ya plamu na mapeasi yalikuwa yanateremka Mombo kwa gari la kamba usiku na mchana, na kusimamisha behewa moja ni kuchelewesha soko.

"Na mkono wa breki?" nikamuuliza. "Wewe si ulishuka na waokoaji?"

Hoza akaangalia migomba.

"Ulikuwa umevutwa mpaka chini. Alikuwa ameushika, Loyce. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja."

Nikamwambia, "Utasema?"

"Niandike 'chanzo chetu'. Nina watoto wanne na nyumba ya kampuni."

"Mbonea naye ni chanzo chetu, Hoza. Unaona anavyofanywa."

"Niandike chanzo chetu," akarudia, na machozi yakamtoka. Nikamwambia sawa. "Nimekuahidi," nikasema. "Jina lako halitoki kwangu."

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu, kasikia yote. Akatuvuta wote mpaka chumbani kwa mama, mwenyewe amekaa kitandani, akafunga mlango.

"Sasa ninyi mnalia nini? Loyce, ufunguo wako wa uhariri wamekufungia?"

"Bado."

"Basi ingiza hizi taarifa za Hoza kwenye hiyo mashine. Toa uongo wa kampuni, weka ukweli. Mbonea aseme mwenyewe. Watu wamemsikia yeye, watamwamini yeye. Wewe ukiandika, watasema ni dada yake anamtetea. Saa saba tunazika na shimo ni nusu! Nani atakuja kumzika muuaji?"

Alikuwa sahihi, na hilo ndo lililonitesa. Kila neno lilikuwa sahihi.

Nikafungua. Nikatoa mstari wa kampuni, nikaweka taarifa tatu za Hoza na habari ya vidole. Sekunde arobaini. Kabla ya kurusha, mhariri lazima asikilize. Nikaweka simu kitandani, katikati yetu.

"Mimi ni Mbonea Shekiondo," kaka akasema, na ile pumzi. "Niliivuta breki. Niliivuta kwa mikono miwili mpaka bega likalia. Haikushika. Nilimwambia yule binti mwenye begi jekundu, kaa chini, shika chuma, usiangalie nje. Halafu nikamfikiria mama. Nikasema, mama nisamehe, Jumapili hii sitafika."

Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Akaishika simu kwa viganja viwili kama unavyoshika uso wa mtoto.

"Begi jekundu lipi?" Hoza akasema taratibu.

Nikamwangalia.

"Mi sikuandika begi lolote. Sikuona begi. Loyce, hilo begi limetoka wapi?"

Nikainamia simu. "Kaka. Begi jekundu umelitoa wapi?"

"Nililiona, Kibonge," ikajibu. Palepale, bila kusita. "Lilikuwa na zipu iliyokatika."

Unaelewa? Haikuwa na chembe ya begi, lakini tayari ina zipu, na zipu imeshakatika! Nikiiuliza rangi ya soksi itanipa. Kaka yangu hakuna anayejua alisema nini ndani ya lile behewa. Alichosema amekwenda nacho. Hiki kilichokuwa kinaongea kitandani kwa mama ndo kilekile kilichomwita muuaji saa tatu, ila sasa kimelishwa na sisi.

"Bonyeza," mama akasema.

"Mama, siyo yeye."

"Nimemzaa mimi. Namjua. Bonyeza."

"Mama, lile la asubuhi siyo yeye, na tulijua haraka kwa sababu lilikuwa baya. Hili nalo siyo yeye, tatizo lake ni zuri. Nikirusha hili nitawaambia nini watu kuhusu lile? Kwamba mashine inadanganya ikituumiza, ila ikitupendeza inasema kweli?"

Mama akanipiga kofi. Miaka ishirini na saba hajawahi kunipiga usoni.

"Ulichukua kinywa cha mwanangu ukawapa watu bila kuniuliza," akasema. Hakupaza sauti hata kidogo. "Leo anajitetea, ndo unajifanya kujua kuuliza?"

Nikafuta. Nilifuta huku ananiangalia, lile zuri lote mpaka ile pumzi. Mama akatoka chumbani bila kugusana na mimi mlangoni.

Baba mdogo akasema, "Wewe ni mjinga," akamfuata.

Nikaandika kwa jina langu. Kwa ufupi, hivi:

*Ushuhuda wa Mbonea Shekiondo uliorushwa leo ni wa uongo. Haukusemwa na yeye. Umetengenezwa na mashine yetu kutokana na taarifa ya kampuni ambayo hakuna mtu wa Kengele Tatu aliyeihakiki. Sauti niliitoa mimi, dada yake, bila idhini ya mama yake. Kuna taarifa tatu za ukaguzi zinazoonyesha breki ilikuwa mbovu na kampuni ilijua. Taarifa hizo ziko hapa chini, jina la mwandishi limefunikwa. Aliyezitoa tunamlinda. Namba yangu ya simu ni hii, nipigieni mnitukane mimi. Loyce Shekiondo, mhariri.*

Nikaondoa kinywa, nikaweka hii juu kabisa, palepale kilipokuwa, herufi kubwa zilezile, na mlio uleule wa habari kubwa.

Ilikaa hewani dakika mbili.

Halafu ikatoka, kaka akarudi kuomba radhi, na simu yangu ikaandika: *Ufunguo wako umesitishwa. Pole kwa msiba.*

*

Lori likafika saa sita. Lilikuwa la mbao, na nyuma wamesimama watu kama thelathini, wengi wanawake. Walikuwa wafiwa wa Soni na Mombo. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa Bi Saumu Kupaza, muuza viungo, ambaye Jumatano alimzika binti yake wa miaka kumi na tisa. Mrefu, kanga amejifunga kifuani kwa nguvu kama mtu anayekwenda kubeba mzigo.

"Mwenye msiba nani?" akauliza.

Baba mdogo akajitokeza. "Karibuni. Poleni sana na..."

"Usinipe pole. Tumekuja kuwaambia huyo hazikwi mlima huu. Watoto wetu wamelala kule chini, yeye alale huku juu, anawachungulia? Mtafuteni pengine."

Wenzake wakaitikia. Mmoja akarusha chupa ya maji, ikamgonga mchungaji begani. Wanaume wa kwetu wakainuka vitini. Nikaona mikono inashika miguu ya viti vya plastiki, nikajua tumebakiza sekunde chache watu wapasuane vichwa.

Nikapanda kwenye benchi, nikamnyang'anya mchungaji kipaza sauti.

"Mi naitwa Loyce! Ni dada yake, na ni mhariri wa hiyo Kengele Tatu. Ile sauti mliyoisikia nimeitoa mimi!"

Nilikuwa nimeandika wasifu wa kurasa mbili, amezaliwa wapi, kasoma wapi, alipenda nini. Sikuusoma. Nikawasomea lile sahihisho, lote, mpaka namba ya simu.

"Muongo!" mwanamume mmoja akapiga kelele kutoka kwenye lori. "Dada mtu huyo, mlitaka aseme nini?"

"Tumemsikia mwenyewe!"

"Ashushwe huyo!"

"Nyamazeni," Bi Saumu akasema, na wakanyamaza. Akasogea mpaka miguuni pangu, akainua uso. "We binti. Ile sauti nimeiuliza maswali yangu matatu asubuhi, imenijibu yote matatu. Na wewe nikikuuliza utanijibu?"

"Nikiwa najua, mama."

"Huo mkono wa breki, nani aliuona umevutwa?"

Hoza alikuwa amekaa kiti cha mwisho karibu na pipa la maji. Sikumwangalia. Niliikaza shingo mpaka ikauma.

"Yupo aliyeuona. Nimemuahidi sitamtaja."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya. "Chanzo chetu!" mtu akasema, na wengine wakadaka, "Chanzo chetu! Chanzo chetu!" wakipiga ubavu wa lori kwa viganja. Kwa mara ya kwanza nikasikia linavyosikika hilo neno ukiwa upande wa pili.

Ningeweza kumtaja. Nusu sekunde tu, kidole kimoja kuelekea pipa la maji, na kaka yangu anazikwa. Nilisimama pale juu nikimchukia Hoza, nikimchukia Gaudence, nikijichukia mimi zaidi ya wote, na mdomo nimeufunga.

"Ni mimi," Hoza akasema.

Hakusema kwa nguvu. Ilibidi walio karibu wageuke kwanza, halafu walio mbali wageuke kwa sababu ya hao. Alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mi ndo mkaguzi. Hizo taarifa nimeandika mimi. Mkono wa breki nimeuona mimi."

"Mshenzi! Ulijua, ukaliacha litembee?" yule mwanamume wa lori akaruka chini.

"Mwacheni aongee!" Alikuwa mama. Mama yangu, ambaye tangu atoke chumbani hakuwa ametamka neno. "Amekuja kwangu. Mwacheni amalize."

Wakamzunguka. Sijawahi kuona mtu anaulizwa vile. Kwa nini hukulifunga mwenyewe? *Ufunguo wa kusimamisha uko ofisini, mi sina.* Kwa nini hukuwaambia abiria? *Niliogopa.* Uliogopa nini? *Kufukuzwa.* Uliona kufukuzwa ni kubaya kuliko hiki? Hapo alilia tu, kamasi mpaka mdomoni, na hakuna aliyemwonea huruma. Alichanganya siku. Alijirekebisha. Alisema Jumamosi, akasema hapana, ilikuwa Ijumaa. Hakuwa hata na ile sauti nzuri ya kaka.

Bi Saumu aliwaachia wenzake wote wamalize. Halafu akauliza lake.

"Mwanangu alikufa palepale, au aliteseka?"

"Sijui, mama."

"Ile sauti imeniambia palepale. Imeniambia hakuhisi kitu."

"Tulifika chini baada ya dakika arobaini. Nilimkuta ameshakwenda. Kabla ya hapo sijui. Nikikuambia zaidi nitakuwa nakudanganya."

Bi Saumu akakaa chini. Pale pale kwenye udongo, na kanga yake safi. Watu wa lori wakataka kumwinua, akawakatalia kwa mkono.

"Asubuhi ya leo nimekunywa chai," akasema. "Tangu Jumanne sijaweza kumeza kitu. Nikaambiwa hakuhisi kitu, nikanywa chai."

Akaniangalia mimi juu ya benchi.

"Umeninyang'anya hata hiyo."

"Ndiyo, mama."

"Sijakusamehe. Wala huyu. Msikie vizuri, sijamsamehe mtu."

Nikashuka. Hakuna aliyeniambia pole, na sikuitaka. Baada ya muda nikasikia udongo unachotwa. Shafii alikuwa amerudi, yuko shimoni peke yake, hamwangalii mtu. Halafu wakaingia wengine wawili. Yule mwanamume aliyeruka kwenye lori akakaa ukingoni, ameshika kichwa, baada ya dakika kumi naye akaomba sepetu.

Tulimzika saa tisa. Bi Saumu hakutupia udongo kaburini. Alisimama kwa mbali na wenzake mpaka mwisho, kama watu waliokuja kuhakikisha jambo limefanyika.

Mama hajaniongelesha. Alipita mbele yangu akimshika Hoza mkono, akampeleka kula.

Nikafungua simu. Kinywa cha kaka kilikuwa kimeshasikilizwa na watu milioni mbili na laki moja. Lile sahihisho langu, mia tisa na kitu kabla halijatolewa, na hawa wa msibani kwetu, tuseme mia mbili. Nikawa nahesabu nisivyoweza kuhesabu: hao milioni mbili nitawapata wapi?

Lori likawashwa. Bi Saumu alikuwa amekaa mbele na dereva, kioo amekishusha.

"We binti, njoo."

Nikaenda.

"Kesho saa nne Soni kuna mazishi, ndugu wawili, walikuwa wanarudi shule. Jumapili kuna dua ya siku ya tatu ya mzee mmoja Mombo. Wengine wanasubiri miili kutoka hospitali. Wote wameisikia hiyo sauti yako, wote wameiuliza maswali." Akanitazama usoni, pale penye alama ya kofi. "Utakwenda ukasome?"

"Nitakwenda."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba, mama."

"Utapigwa. Sisi tumekuja na mchungaji yupo, na bado chupa ikarushwa. Kule kuna kaka zao."

"Najua."

Akaniangalia kuanzia kichwani kushuka chini, pole pole, mpaka kwenye vile viatu vyangu vyeusi vya msibani, vyenye kisigino.

"Basi usivae hivyo," akasema. "Kwao Soni ni kupanda kwa miguu."